MOTA NDOGO YA MASHUA YA MFANO, NA NAMNA YA KUIPATIA MWENDO



Watoto wa pwani yetu tangu zamani huchonga vijahazi vya mti laini, huvitia mlingoti na tanga la kitambaa, kisha huvishindanisha maji yakijaa. Mtoto ambaye kijahazi chake kimeshindwa haulaumu upepo, maana upepo ni mmoja kwa wote. Hutazama tanga, hutazama mkuku, husogeza kijiwe cha farumi mbele kidogo au nyuma kidogo, kisha hukirudisha majini. Leo twataka kuzungumza habari ya chombo kidogo cha namna nyingine, yaani mashua ya mfano iendeshwayo kwa mota ya kupachikwa nyuma. Nasi twataka kuonyesha ya kuwa akili ya mtoto yule ndiyo ile ile itakiwayo hapa.

Mota ya kupachikwa nyuma mwaijua, maana wavuvi wengi wa pwani na wa Ziwa Victoria huitumia. Juu kuna kichwa chenye mtambo; chini ya kichwa kuna mguu uingiao majini; na mwisho wa mguu kuna rafadha, ambayo wengine huiita panga. Mashua ya namna hii haina haja ya usukani mwingine, kwa sababu mota yenyewe hugeuzwa kulia au kushoto. Mmarekani mmoja, Cameron Waterman, aliijaribu mota yake ya namna hii mwaka 1905. Na Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa mji wa Milwaukee, alianza kuuza zake mwaka 1909. Mota ile ya Evinrude ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu.

Mota ya mfano ni hiyo hiyo iliyofanywa ndogo. Huko Marekani kampuni ya K&B iliunda mota ya kupachikwa nyuma ambayo ujazo wa silinda yake ulikuwa sentimita mchemraba 3.5, yaani maji ya kijiko kimoja cha chai hayaenei ndani yake. Hata hivyo mota za ukubwa huu huweza kuzunguka mara 20,000 kwa dakika. Hazina cheche ya umeme kama motokaa. Zina plagi yenye waya mwembamba uliosokotwa; waya huo huwashwa kwa betri wakati wa kuanza, kisha huendelea kuwaka wenyewe kwa joto la mota na kwa tabia ya madini yake ikutanapo na spiriti. Plagi hizo zilianza kuuzwa na Ray Arden wa Marekani mwaka 1947. Mwenye mashua husimama ukingoni akaiongoza kwa redio: kama vile redio hii iwaleteavyo sauti, redio ile huipelekea mashua amri ya kugeuka, kuongeza mwendo, au kupunguza.

Sasa tuseme jinsi tulivyojifunza, maana tulijifunza kwa hasara. Tulikuwa na mota ya ukubwa huo, nayo ilikuwa ingali mpya. Siku moja bwawani mashua ya mzee mmoja ilitupita mara mbili. Tukaona haya. Bila kufikiri, tukaikaza sindano ya mafuta ili mafuta yapungue na moto uwe mkali. Mashua ikaenda mbio zaidi, nasi tukashangilia. Tukaikaza tena. Ikazunguka bwawa mara moja, ikalia kwa sauti nyembamba, kisha ikasimama katikati ya maji. Tulipoifungua tuliona pistoni imekwaruzwa, na silinda vivyo hivyo. Akiba yetu ya miezi mingi ilikuwa imeteketea kwa muda wa dakika moja.

Yule mzee akaja akatuuliza neno moja tu: "Wanangu, rafadha yenu mmepata kuitazama?" Hatukuwa tumeitazama. Akaishika, akapitisha ukucha wake pembeni, akatuonyesha bawa moja lililopinda, labda kwa kugonga jiwe. Nguvu tuliyoitafuta ndani ya mota ilikuwamo tangu mwanzo. Ilikuwa ikipotea majini. Basi neno letu la leo ni hili: aghalabu mota haikosi nguvu, bali nguvu yake humwagika njiani kama maji katika mtungi uliotoboka. Kabla ya kuongeza maji, ziba tundu.

Wala msidhani kwamba kosa hili ni la wachezaji tu. Mwaka 1894 Charles Parsons wa Uingereza aliunda chombo kilichoitwa Turbinia, chenye urefu wa futi 100 na zaidi, akakitia mtambo mpya wenye nguvu nyingi na rafadha moja. Kilipojaribiwa hakikufika hata maili 20 za bahari kwa saa. Mtambo ulikuwa mwema. Lakini rafadha ilizunguka kwa kasi kubwa hata maji nyuma ya mabawa yake yakageuka mapovu ya mvuke, nayo ikawa yazunguka katika mapovu badala ya kuyasukuma maji. Parsons hakukata tamaa. Aliyachungua mapovu hayo katika chombo maalumu cha maji, akabadili mitambo, akaweka mihimili 3 yenye rafadha 3 kila mmoja. Mwaka 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead, Turbinia ilikwenda zaidi ya maili 34 za bahari kwa saa. Na umbo la chombo kile alikuwa amelijaribu kwanza kwa mifano midogo majini. Basi asiwepo mtu wa kuudharau mfano.

Sasa tufuate mambo yenyewe kwa utaratibu.

Jambo la kwanza ni kupima. Asiyepima hajui kama amepata au amepoteza, kwa sababu sikio hudanganya: mota ipigayo kelele nyingi si lazima iwe ndiyo iendayo mbio. Simika vijiti viwili ukingoni, mita 100 baina yao. Mtu mmoja aiongoze mashua, mwingine ashike saa. Mashua ipite kwa kwenda na kwa kurudi, ili upepo usidanganye. Ikipita kwa sekunde 5, mwendo wake ni kilomita 72 kwa saa. Ikirudi kwa sekunde 6, ni kilomita 60. Basi mwendo wa katikati ni kilomita 66. Andika hesabu hiyo, pamoja na rafadha uliyotumia, kimo cha mota, na hali ya upepo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwendo pia ni mali.

Sharti kubwa la kupima ni kubadili jambo moja tu kwa mara moja. Mtu akibadili rafadha, akainua mota, akaigusa na sindano siku ile ile, kisha mashua ikaenda mbio zaidi, hajui amshukuru nani. Na ikienda polepole, hajui arudi wapi.

Jambo la pili ni kuizoesha mota mpya. Vyuma vipya havijazoeana. Katika safari za kwanza fungua sindano ili mafuta yawe mengi, uendeshe muda mfupi, uiache ipoe, kisha uendeshe tena. Moshi utakuwa mwingi na mwendo mdogo, usione haya. Mafuta hayo mengi ndiyo yapozayo na kulainisha. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la tatu ni sindano yenyewe, iliyotutia hasarani. Sindano hii imo katika kabureta, nayo huamua kiasi cha mafuta kinachoingia pamoja na hewa. Mafuta yakizidi, mota hugugumia na kutoa moshi mwingi. Yakipungua kiasi, mota huwa na sauti safi na nguvu njema. Yakipungua mno, mota hukimbia kwa kitambo kidogo, kisha hulegea kwa joto, na hapo ndipo pistoni huharibika. Tena kuna siri moja. Mashua ikisimama, rafadha huzama sana na mota huona uzito. Ikiisha kupanda juu ya maji, uzito hupungua, mota huzunguka kwa kasi zaidi, na mchanganyiko hupungukiwa mafuta. Kwa hiyo ukingoni uiache na mafuta kidogo zaidi ya yale yaonekanayo kuwa mema. Ukikaza, kaza kidogo sana, upime, utazame. Ukiona moshi umekoma kabisa, fungua sindano upesi.

Jambo la nne ni mafuta. Mafuta ya mota hizi si petroli, bali ni mchanganyiko wa spiriti iitwayo methanoli, mafuta ya kulainisha, na mara nyingi kiasi cha nitromethani cha kuongeza nguvu. Mafuta ya kulainisha aghalabu ni mafuta ya mbarika, au yale yaliyotengenezwa viwandani, au yote mawili. Wako watu wapunguzao mafuta ya kulainisha ili spiriti iwe nyingi zaidi. Hao hununua mwendo wa siku moja kwa bei ya mota nzima. Fuateni kipimo alichokiandika mwenye kuiunda mota.

Na hapa hatuna budi kusema neno la hatari. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo chake kikinywewa chaweza kumpofusha mtu, au kumwua. Mwezi wa Mei 2014 nchini Kenya watu wengi walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa spiriti hii. Basi isiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji. Iandikwe jina, ifungiwe mbali na watoto, wala isiachwe juu ya ngozi. Tena moto wake hauonekani vizuri mchana: mtu aweza kutia mkono ndani ya moto asiouona. Usiimimine karibu na jiko wala karibu na mvuta sigara.

Jambo la tano ni maji ya kupoza. Mota nyingi za namna hii hupozwa kwa maji yaingiayo kwa mrija mwembamba mashua ikienda. Jani moja la gugu maji laweza kuuziba. Kabla ya kila safari puliza mrija huo kwa kinywa, na mashua ipitapo mbele yako tazama kama maji yatoka upande wa pili. Yasipotoka, irudishe mara moja.

Jambo la sita ni rafadha, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kila rafadha ina upana wake na hatua yake. Hatua ni umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, kama ingekuwa parafujo ikazwayo katika mti. Tuchukue mfano. Rafadha yenye hatua ya milimita 70, ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, ingekwenda mita 1,400 kwa dakika, yaani kilomita 84 kwa saa. Lakini maji si mti, huteleza. Tukikisia kwamba sehemu 15 katika 100 zapotea, zitabaki kilomita 71 hivi. Sasa mtu akiona hivyo husema, "Nitatia rafadha yenye hatua kubwa zaidi." Akatia ya milimita 75, mota ikalemewa, ikazunguka mara 18,000 tu. Piga hesabu: ni mita 1,350 kwa dakika, yaani kilomita 81 kabla ya kuteleza. Hatua imeongezeka, mwendo umepungua. Kwa hiyo rafadha njema ni ile iiachayo mota izunguke pale penye nguvu yake.

Rafadha yenyewe itengenezwe. Ipitishe katika kipande cha waya wa chuma kilichonyoka, kisha uulaze waya juu ya nyembe mbili zilizosimamishwa sawa. Bawa likizama kila mara upande mmoja, bawa hilo ni zito. Lipunguze kwa tupa laini mpaka rafadha itulie popote uiachapo. Kisha isugue kwa msasa mzuri hata ing'are, na kuinoa pembe zake. Isiponyooka hutikisa mota nzima, na nguvu ya kutikisa hutoka katika nguvu ya kwenda. Mkiinoa mjihadhari, maana hukata kama wembe. Tena msiishike kamwe mota ikizunguka.

Jambo la saba ni kimo na pembe ya mota. Mguu uliozama sana huburuta maji bure. Kwa hiyo mota ikiinuliwa kidogo, mwendo huongezeka. Lakini ikiinuliwa kupita kiasi rafadha huvuta hewa ya juu, mota hupiga kelele, na mashua husitasita hasa ikigeuka. Anza na kimo alichokitaja mwenye kuiunda mashua, upande milimita moja moja, ukipima kila mara. Pembe nayo ni hivyo hivyo. Kwanza mhimili wa rafadha ulingane na sakafu ya mashua. Ukiuelekeza mguu mbali na tezi kidogo, omo huinuka na mashua hugusa maji kidogo, ikaenda mbio. Ukizidisha, hewa huingia chini yake, nayo hupinduka chali kama kobe. Ukiuelekeza ndani mno, omo hukandamizwa majini na mwendo hupotea. Katika mashua za mashindano, ambazo zina mfereji wa hewa katikati ya sakafu, milimita moja huweza kutenganisha ushindi na kupinduka.

Jambo la nane ni mwili wa mashua. Weka rula juu ya sakafu yake karibu na tezi. Ukiona mwanga chini ya rula, sakafu ina bonde, na bonde hilo huvuta omo chini. Ijaze na kuisawazisha. Tangi la mafuta liwe karibu na mahali mashua inapolingana uzito, ili mafuta yakipungua mashua isibadili tabia. Kadhalika utazame waya mnene uliosokotwa, ambao katika mota nyingi za mfano hupeleka mzunguko toka kichwani hadi kwenye rafadha. Uutie grisi mara kwa mara. Ukikauka hula nguvu, mwisho hukatika.

Jambo la tisa, nalo liwe la mwisho kweli, ni bomba la moshi. Bomba la mashindano lina umbo lililopimwa, ili pigo la moshi lirudi nyuma na kuusukuma ndani mchanganyiko mpya uliotaka kutoroka. Bomba refu lafaa mizunguko michache, fupi lafaa mizunguko mingi. Lakini asiyejua mota yake huzunguka mara ngapi asilikate. Maji yakimwagika hayazoleki, na bomba likikatwa halirudi.

Baada ya safari maliza mafuta yote ndani ya mota, ukaushe maji, utie matone ya mafuta mepesi ndani, uizungushe kwa mkono. Methanoli huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Kama mliendesha katika maji ya chumvi, kwanza isuuzeni kwa maji matamu.

Leo mota nyingi za mfano huendeshwa kwa umeme wa betri. Kwao habari ya sindano na spiriti haipo, lakini rafadha, kimo, pembe na sakafu ni zile zile. Na badala ya moshi, wao huangalia joto la mota na la betri. Mota kubwa ya mvuvi nayo hutii sheria ile ile. Mota iliyofungwa chini mno na rafadha iliyovunjika pembe humtoza mvuvi petroli kila siku, naye hulaumu mtambo. Kijana aliyejifunza katika mashua ya mfano aweza kumsaidia mzazi wake.

Mwisho, mashua iendayo kilomita 70 kwa saa si kitu cha kuchezea mahali wanapooga watu au wanapopita wavuvi. Tafuteni maji matupu, msimameni mbali na ukingo, na mkubwa awepo.

Yule mzee wa bwawani tulimwona tena baada ya kupata pistoni nyingine. Safari hii tulikwenda na daftari, saa, rula, na rafadha iliyonyoshwa. Sindano hatukuigusa. Mashua yetu ilipita vijiti kwa sekunde chache kuliko siku ile ya hasara. Mzee akacheka, akasema, "Sasa mmeanza." Hakusema kwamba tumekwisha, nasi hatujaisha hata leo.